Barua ya wazi kwa ZFF, BTMZ na Mrajis: timu zikodishwe, zisiuzwe

Waheshimiwa,

Assalaamu alaykum.

Naandika kwenu nyote kwa pamoja: Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar (ZFF), Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar (BTMZ), Mrajis wa Vyama vya Michezo, na Wizara inayosimamia michezo. Najua barua ikiwa na wenyewe wanne kila mmoja humngojea mwenziwe ajibu. Nimefanya hivyo makusudi. Jambo ninalolileta limekaa katikati ya ofisi zenu, na ndiyo sababu mpaka leo halina mwenyewe.

Matajiri wanabisha hodi kwenye timu zetu za uraiani, yaani zisizo za vikosi vya Serikali, na wengine wameshakaribishwa ndani. Uwanja wa Amaan umefanywa upya na kufunguliwa Desemba 2023. Simba imechezea hapo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane, Mei 2025; Agosti ikaja CHAN; na AFCON ya 2027 iko njiani. Mpira wa visiwa hivi sasa unaonekana, na pesa hufuata kinachoonekana. Sina ugomvi nayo. Ninachotaka kujua ni kitu gani hasa wanauziwa watu hawa, na nani aliyempa muuzaji idhini ya kuuza.

Mwenye kuijua timu ya mtaani ya Pemba hawezi kuitukana pesa. Mechi moja ya Unguja ni nauli za boti kutoka bandari ya Mkoani, ni mchele, ni mahala pa kulala, ni gari ya kwenda na kurudi uwanja wa Mao. Yote hayo hutoka mifukoni mwa watu sita saba ambao majina yao hayajulikani popote ila kwenye daftari la madeni la dukani. Jezi hufuliwa nyumbani kwa mama mmoja, huanikwa uani, na jua hubandua namba. Msimu mmoja namba 8 yetu ilibanduka ubavu ikawa 3, na 3 tulikuwa naye tayari uwanjani. Refa akasimamisha mchezo mpaka tukaichora upya kwa kalamu ya wino mzito. Watu walicheka sana. Kocha hakucheka, alijua seti nyengine haipo.

Basi akitokea bwana na gari yake nyeupe akasema atalipa boti, atalipa posho, ataleta seti tatu za jezi, wazee wa timu hawamuulizi masuala mengi. Yeye ndiye mwenye masuala. La kwanza huwa: jina hili lazima tubaki nalo?

Tuseme kweli hapa. Bwana huyu haji kwa ajili ya wachezaji, maana wachezaji anaweza kuwasajili popote. Wala haji kwa ajili ya jengo, hatuna jengo. Anachokitaka ni nafasi yetu kwenye ligi. Akianzisha timu yake itambidi apande madaraja ya chini moja baada ya jengine, acheze kwenye viwanja vya vumbi, apoteze misimu. Timu iliyokwishapanda ikiwa na njaa ni njia ya mkato. Analipa madeni, anachukua ile nafasi, halafu jina, rangi na mahala vinabadilika kimoja kimoja, mpaka siku moja mtaa unaamka hauna timu na hakuna aliyeona ikiondoka.

Bara wameshayaona haya, na hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, mkoani Mbeya. Novemba 2022, kwenye uwanja wake wa nyumbani, iliifunga Yanga 2-1 na kuikatia Yanga mwendo wa mechi 49 za ligi bila ya kufungwa. Oktoba 2023 ikaifunga tena, 2-1 vile vile. Mwaka 2024 nafasi ile ile ya ligi ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Mbarali hawakushuka daraja. Walishinda mechi zao, wakajaza uwanja wao, na bado timu ikaondoka.

Na ipo nyengine, hii sisi wenyewe tunaifahamu. DTB ilipopanda Ligi Kuu ya Bara mwaka 2022 ikageuzwa Singida Big Stars. Januari 2023 ikaja hapa ikafika fainali ya Kombe la Mapinduzi, Mlandege wakaipiga 2-1. Baada ya hapo ikawa Singida Fountain Gate, halafu Fountain Gate tu, na nyumbani kwake kukawa Babati. Mlandege iliyoshinda fainali ile bado ni Mlandege. Iliyofungwa imeshabadilisha jina mara mbili.

Wazungu nao wana lao. Mwaka 2002 wenye Wimbledon walitaka kuihamisha timu kutoka London kwenda Milton Keynes, mji ambao hata haukuwa na uhusiano nao. Nawaomba mulisome hili kwa makini, kwa sababu linawahusu nyinyi zaidi kuliko linavyowahusu matajiri: aliyeruhusu ni FA, shirikisho lao la mpira. Iliunda tume ya watu watatu, wawili wakasema ndiyo, mmoja akasema hapana. Washabiki wakaanzisha AFC Wimbledon mwaka ule ule na kuanza daraja la tisa, wakarudi kwenye ligi za kulipwa mwaka 2011. Tajiri peke yake hana uwezo wa kuhamisha timu. Lazima ofisi fulani ipige muhuri, na kwetu ofisi hizo ni zenu.

Sasa nije kwenye ombi langu.

Serikali yetu inajua vizuri namna ya kumkaribisha mtu mwenye pesa bila ya kumkabidhi nyumba. Tangu baada ya Mapinduzi ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya Serikali. Wazee wetu waliogaiwa eka tatu tatu walipewa walime na wale, hawakupewa wauze. Mwekezaji wa hoteli anayekuja Nungwi au Makangale, awe na mabilioni kiasi gani, haondoki na ardhi. Hukodishwa kwa miaka inayohesabika na kwa masharti yaliyoandikwa. Akiyavunja, mkataba unaweza kuvunjwa. Muda ukimalizika, ardhi iko pale pale. Na hoteli zimejengwa, tena nyingi kuliko tulivyotarajia. Kwa hivyo msemo kwamba masharti yatafukuza wawekezaji siuamini, si katika visiwa hivi.

Nafasi ya ligi ifanywe hivyo hivyo. Imepatikana kwa jasho la mtaa na ni ya mtaa. Tajiri akodi haki ya kuiendesha timu: aajiri kocha, asajili, auze jezi, aweke tangazo lake kifuani, achukue faida ikipatikana. Miaka mitano, kumi, mukubaliane. Lakini jina, rangi, nembo, mji wa nyumbani na nafasi yenyewe kwenye ligi visiwemo katika bidhaa. Vikabidhiwe wadhamini wa klabu kisheria, na kanuni za ZFF ziseme wazi kwamba timu inayobadilisha jina pamoja na mji inahesabika ni timu mpya na inaanzia daraja la chini kabisa. Sharti hilo moja tu, likiandikwa na kusimamiwa, litapunguza hamu ya wale wanaokuja kwa ajili ya njia ya mkato. Watabaki wanaotaka mpira.

Maana wapo wanaotaka mpira kweli. Azam ilianzishwa 2004, timu ya wafanyakazi, ikapanda kwa miguu yake mpaka Ligi Kuu mwaka 2008, ikajenga uwanja wake Chamazi, na msimu wa 2013/14 ikachukua ubingwa bila ya kufungwa mechi hata moja. Haikuhitaji kuchukua jina la mtaa wa mtu. Mwenye kampuni ile ni mtoto wa hapa Zanzibar, na inauma kidogo kwamba uwanja ule uko Chamazi na hauko Chake, lakini hilo ni la siku nyengine.

Najua mutaniambia: dawa ipo, asilimia 51. Simba ilipobadilisha mfumo wake mwaka 2017 ilimkubali Mohamed Dewji kwa asilimia 49 na dau la shilingi bilioni 20, wanachama wakabaki na 51. Vizuri. Kwanza, michezo si jambo la Muungano. Kanuni ya Bara kuhusu hisa za klabu haivuki bahari, na mimi mwanachama wa kawaida sijapata kuonyeshwa ya kwetu. Iandikwe, ibandikwe, tuisome.

Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi: 51 ya nani?

Katika klabu yetu, ambayo sitoitaja kwa kuwa mazungumzo bado yapo, uliitishwa mkutano wa wanachama baada ya isha kwenye kibaraza cha nyumba ya mwenyekiti. Ajenda ilikuwa kumpokea mwekezaji. Katibu akatoa daftari la wanachama, daftari la skuli lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda, limeandikwa kwa mikono ya makatibu watatu wa zama tatu. Akaanza kusoma majina. Kila baada ya majina mawili matatu mtu anasema, "Huyo marehemu." Mwengine yuko Oman miaka mingi. Mwengine ameshahamia timu ya pili na jina lake halikukatwa. Mama anayefua jezi hayumo. Vijana wanaovuta kamba za nyavu na kupiga chokaa uwanja hawamo. Walio hai na waliomo wangeenea kwenye gari moja ya shamba.

Halafu msaidizi wa yule bwana akatoa orodha yake, imepigwa chapa, ya wanachama wapya. Kadi zao zote zimelipiwa, na aliyelipa ni mtu mmoja. Soda zikapita. Mkataba ukatolewa, kurasa nyingi, kwa Kiingereza. Aliyeuokoa usiku ule ni mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa bandari: akasema yeye hatii saini kitu ambacho hawezi kumsomea mke wake. Mkutano ukaahirishwa.

Asilimia 51 ya daftari kama lile inanunulika kwa kreti tano za soda. Wajerumani, ambao ndio wenye sifa ya kanuni ya 50+1, yaani wanachama wabaki na zaidi ya nusu ya kura, walifanyiwa jambo la namna hii mchana kweupe. RB Leipzig iliundwa mwaka 2009 kwa kuchukua nafasi ya SSV Markranstädt katika daraja la tano. Kanuni ikatimizwa kwenye karatasi: wanachama walikuwepo, ila wenye haki ya kupiga kura wakawa wachache wa kuenea chumba kimoja, tena watu wenye uhusiano na Red Bull, kampuni ya vinywaji yenye pesa. Na mshabiki wa Arsenal yeyote atakukumbusha mwaka 2018. Stan Kroenke alipokwisha kununua fungu la Alisher Usmanov, sheria za makampuni za Uingereza zikampa nguvu ya kuwalazimisha wenye hisa ndogo ndogo waliobaki wamuuzie. Wamo waliokuwa na hisa moja tu, ya mapenzi. Wakalipwa na wakatoka.

Kwa hivyo Bwana Mrajis, kazi ya kwanza ni yako na haihitaji bajeti kubwa. Kabla ya klabu yoyote kupiga kura ya mwekezaji, daftari lake lihakikiwe. Marehemu watolewe, walio hai waitwe, kina mama na vijana wanaoibeba timu waingizwe, na anayejiunga wakati mazungumzo yameshaanza asipige kura ile. Ada ya uanachama alipe mtu mwenyewe, kwa simu yake, iwe na ushahidi. Mkataba uwe wa Kiswahili na ubandikwe mwezi mzima pale watu wanapokaa: barzani, msikitini ikiwa imamu ataruhusu, dukani kwa muuza vocha. Atakayeshindwa kuandika mkataba wake kwa lugha ya watu anaowanunua, basi ana jambo.

Kuhusu madeni nitasema kwa ufupi kwa sababu halina utata. Familia ya Glazer ilipoinunua Manchester United mwaka 2005 ilikopa, na deni la kununulia likabebeshwa klabu yenyewe. Klabu ile ina mapato ya kubeba. Yetu ikibebeshwa deni la mishahara ya miezi mitatu, imekwisha. Tajiri aweke benki mishahara ya msimu mzima kabla ya dirisha la usajili kufungwa, na akiondoka katikati aondoke na madeni aliyoyafanya. Wachezaji wa kigeni anaowaleta kwa mbwembwe, wakadai, wamdai yeye.

Timu za watoto pia zisisahaulike. Juvenile, Junior na Central ndizo zilizotuletea kila mchezaji tunayejivunia, na ndizo za kwanza kufungwa mwenye pesa akianza kubana matumizi, kwa sababu hazioneshwi kwenye televisheni. Mkataba useme ngapi zitaendeshwa na nani atazilipia.

Kuna jambo la kamari ambalo naona viongozi wanalipita kwa mbali. Jezi za wakubwa wa Bara zimevaa majina ya kampuni za kubashiri, na kampuni hizo zitakuja na huku. Kijana wa miaka kumi na tano anatoka chuoni na juzuu yake, anavaa jezi ya mtaa wake yenye tangazo la kamari. Wazazi watakuwa na haki ya kumzuia asicheze. Semeni mapema kama munakubali au hamukubali, musingoje mpaka mtu ameshasaini na pesa zimeshaliwa.

Mtu atauliza, kwa nini kelele zote hizi wakati sehemu kubwa ya ligi yetu ni vikosi? Ni kweli. KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto: hawa tajiri wao ni Serikali, na kwa mchezaji ni neema, anapata ajira na mshahara wa uhakika. Simlaumu kijana anayekwenda huko, ningekuwa na miguu ningekwenda mwenyewe. Lakini vikosi haviuzwi. Ina maana kila tajiri anayetafuta timu ya kununua atateremkia kwenye hizi chache za uraiani zilizobaki, na hizo ndizo zenye mitaa nyuma yao. Malindi, iliyokuwa bingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1989 na tena 1992, na iliyofika nusu fainali ya Kombe la CAF mwaka 1995, ilikuwa ya watu wa mjini, na mpaka leo mzee wa Malindi akitaja safu ya wakati ule hutaja na nyumba aliyotoka kila mmoja. Nendeni mukaangalie mashindano ya ndondo, Yamle Yamle na mengineyo: watu wanajaa kwa sababu mtaa unacheza na mtaa. Wafanyabiashara wanaokuja sasa wanataka umati ule. Wasiposhikwa mkono watanunua timu, wataing'oa, halafu watashangaa umati haukuwafuata.

Na Pemba, waheshimiwa, hali ni mbaya zaidi kwa sababu ya bahari. Tajiri yeyote mwenye hesabu atagundua msimu wa kwanza tu kwamba timu yake ikikaa Unguja anaokoa nauli za boti. Atawaambia wazee ni kambi ya muda. Kambi itakuwa makao, na uwanja wetu wa Gombani tutakwenda kuangalia wageni. Kwa hivyo lile sharti la mji wa nyumbani lisiwe la jina la wilaya kwenye cheti tu. Liandikwe kwa idadi ya mechi zitakazochezwa nyumbani na mahala timu itakapofanyia mazoezi.

Haya yote yanaweza kufanywa kabla ya dirisha la usajili lijalo. ZFF wana kanuni za ligi wanazozipitia kila msimu. Kifungu cha nafasi ya ligi kiingizwe humo. Baraza na Wizara watunge kanuni ya uwekezaji katika klabu, waitishe wanachama Unguja na Pemba waijadili, na kikao cha Pemba kisiwe cha saa moja kabla ya boti ya kurudi.

Sisi daftari letu tumeanza kulipanga upya. Mama wa jezi ameshaandikwa, nambari yake ya uanachama ni ya kwanza kwenye ukurasa mpya, na ada amelipa mwenyewe. Bwana Mrajis akimtuma ofisa kuja kulihakiki tutampokea siku yoyote, isipokuwa Ijumaa mchana na saa kumi za jioni siku ya mechi.

Wenu,
Mwanachama wa klabu ya uraiani, Pemba